Goti Nililolificha Marekani

Kuna siku moja ambayo hunirudia kila ninapopanda ngazi, mwanangu, na kwa kuwa maduka ya Kitale siku hizi yamehamia ghorofani, basi hunirudia mara nyingi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimeketi juu ya meza ya daktari katika mji mmoja wa baridi huko Marekani, na yule mama daktari ameshika goti langu la kulia kwa mikono miwili. Akaniuliza kama linauma. Nikamwambia haliumi. Akalibonyeza tena, akaniangalia usoni, akauliza mara ya pili. Nikakaza macho ukutani bila kupepesa, nikamjibu kwamba haliumi hata kidogo. Ukweli ni kwamba lilikuwa likiuma hadi nikawa naona nyota mchana.

Ninyi mnaoniona nikichechemea na fimbo yangu kwenda kutafuta mbolea hudhani ni uzee. Uzee upo, siukatai. Lakini fimbo hii nilijichongea mwenyewe siku ile, nikiwa na nguvu za kuangusha fahali.

Niliwahi kulipwa kucheza ule mpira wa Wamarekani, ambao wazee wa kwetu Matulo walikataa kabisa kuuita mpira. Waliniuliza, ati mpira wa miguu gani huo unaokumbatiwa kifuani kama mtoto? Mpira wenyewe una ncha mbili. Mwenzako anakukabidhi, unaukumbatia, halafu unakimbia kutafuta upenyo huku wanaume wazito kuliko milango ya kanisa wakikujia wakuangushe. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kubeba na kukimbia. Ukianguka unaamka, unapewa tena, unapigwa tena. Wachache sana huzeeka katika kazi ile, na kila anayeibeba ana mwingine nyuma yake, mdogo kuliko yeye, akingoja ateleze.

Nilikuwa nimeenda kusoma chuo kikuu kwa sababu ya mbio. Wale watu walidhani kila Mkenya hukimbia siku nzima kama anayetumwa ng'ambo ya mlima, kumbe mimi pumzi yangu ilikuwa ya mbio fupi. Mwalimu wao wa mpira aliniona nikikwepa wenzangu uwanjani kwa mchezo tu, akaniuliza nimejifunzia wapi kugeuka vile. Nikamwambia nimefundishwa na kuku. Alicheka, akadhani namtania. Lakini aliyekulia kwetu Bungoma anajua. Mgeni akiingia boma kwetu, mtoto hutumwa kukamata jogoo, na jogoo akishajua habari yake imefika, hakimbii moja kwa moja. Anakwenda kushoto, anakwenda kulia, anakupitia kati ya miguu. Mama yangu alikuwa na wageni wengi, kwa hiyo shule yangu ilikuwa ndefu.

Ah, siku zile zilikuwa tamu, siwezi kukuficha. Mwezi uliopita mjukuu wangu Wafula alinionyesha kwenye simu yake mchezo wangu mmoja wa zamani, sijui nani aliuweka huko. Nikamwona kijana mwembamba wa shingo nene akipita katikati ya wanaume kama maji yanavyopita kwenye mawe, uwanja mzima umesimama. Wafula, ambaye huniita Kuka, yaani babu, akasema, "Kuka, kumbe ulikuwa moto hivi?" Mimi nilikuwa naangalia magoti. Yote mawili yalikuwa mazima. Ujana ni moshi, walisema waliotutangulia, ukienda haurudi, na mimi nililia kidogo mbele ya mtoto wa mwanangu na sioni haya kulisema.

Sasa, kwa nini nilimdanganya yule daktari? Hapo ndipo penye kiini, na kama hukuzaliwa kwetu nitakueleza polepole. Mimi ni Mbukusu. Mvulana wa kwetu hutahiriwa asubuhi na mapema, amepakwa matope ya mtoni mwili mzima, amesimama mbele ya ukoo wote. Hutakiwi kutikisika, na hutakiwi kupepesa jicho. Ukitikisika aibu si yako peke yako, ni ya baba yako na ya wajomba zako. Mimi nilisimama. Nilitazama kilele cha mkaratusi mmoja hadi mkataji alipomaliza, na vigelegele vya mama nikavisikia kama vinatoka mbali. Tangu asubuhi ile niliamini kwamba mwanamume ni mtu asiyesema inauma.

Imani hiyo nilipanda nayo ndege. Kule Marekani ilinisaidia, usifikiri haikunisaidia. Nilipigwa mbavu nikanyamaza, nikavunjika kidole nikakifunga kwa plasta nikaendelea, na waliniheshimu kwa hilo. Lakini katika mwaka wangu wa tatu wa kulipwa na klabu goti lilianza kuvimba kila baada ya mazoezi, na nyuma yangu palikuwa na kijana mwingine mwenye mbio kali. Niliogopa nikikaa pembeni wiki nne nitarudi nikute kiti kina mwenyewe. Hofu ilikuwa hiyo, mwanangu, lakini mimi niliivalisha nguo za ujasiri. Nikajiambia nimesimama mbele ya kisu, goti ni nini?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufa, ila kazi yangu ilikufa. Wiki tatu baada ya ule uongo, Jumapili, nilipewa mpira nikaona upenyo mweupe mbele yangu. Nikageuka vile alivyonifundisha jogoo wa mama, na goti likakatika lenyewe. Hakuna mtu aliyenigusa. Nililala kwenye nyasi nikisikia uwanja mzima umenyamaza, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kukaza macho juu nisipepese. Yule mama daktari alikuja hospitalini, akakaa kando ya kitanda, akaniambia ningesema siku ile ningepumzika wiki chache tu na ingetosha. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza asubuhi ya Matulo.

Nilipasuliwa mara mbili, klabu ikaniaga kwa heshima, na yule kijana wa nyuma yangu akabeba mpira. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikarudi nyumbani na magongo mawili na sanduku la nguo nzito zisizo na kazi huku.

Kule Matulo alikuwa bado hai mzee mmoja, Kuka Mukhwana. Hakuwa babu yangu wa damu. Ndiye aliyetuuguza sisi wavulana tuliotahiriwa pamoja, akituosha vidonda na kutukemea tukilala vibaya. Nilikwenda kumsalimia. Alinikuta mlangoni, akayaangalia magongo. Akaamuru jogoo akamatwe, na niliketi pale nikiwatazama watoto wa jirani wakimfukuza, nikageuza uso.

Chakula kilipowekwa, nikanyoosha mkono. Kuka Mukhwana akausukuma mkono wangu pembeni, akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akauleta hadi mdomoni mwangu. Nilishtuka. Mimi niliyeshangiliwa na uwanja mzima, nilishwe kama mtoto?

"Kuka, mimi ni mtu mzima," nikamwambia. "Nitakula mwenyewe."

Mkono wake haukushuka. "Ile asubuhi ulisimama vizuri," akasema. "Mimi niliona. Lakini ukishatoka hapo, nani alikulisha?"

Nikakumbuka. Kwetu, mvulana akishatahiriwa hagusi chakula kwa mikono yake. Hulishwa, tonge kwa tonge, hadi siku mkataji anaporudi na kuwafanyia ile sherehe ya kuwaruhusu kula wenyewe. Yule yule aliyekuwa simba alfajiri, mchana anafungua kinywa kama kifaranga, na hakuna anayemcheka. Mkono ulionilisha siku hizo zote ulikuwa huu huu, ila sasa ulikuwa umekunjamana.

"Ni wewe, Kuka," nikasema.

"Kisu ni asubuhi moja, Simiyu. Nani alikwambia uendelee kusimama mpaka leo?" Akausogeza ugali karibu zaidi. "Ulienda kwa wazungu ukabeba ile ya kusimama tu. Hii ya kulishwa ukaniachia hapa. Na mila ni moja tu."

Mwanangu, nimekemewa na makocha wenye sauti za radi, lakini sijawahi kukemewa vile. Nilifungua kinywa nikala. Machozi yalichanganyika na mchuzi na sikuyafuta. Akaendelea kunilisha hadi ugali ukaisha, kisha akalala usingizi pale pale kwenye kiti chake. Miezi michache baadaye tulimzika.

Mimi nikahamia Kitale, nikalima mahindi, nikaoa, nikazeeka. Nisingewasumbua na hadithi hii kama si mambo ya Jumamosi iliyopita. Wafula huyu wa simu anacheza raga, na alikuwa ameitwa Nairobi mwezi ujao kujaribiwa pamoja na vijana wengine. Nilikwenda Kanduyi kumtazama. Dakika chache tu nikaona anaukanyaga mguu wa kushoto kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Baada ya mchezo nikamuuliza.

"Niko fiti, Kuka," akanijibu, akikaza macho kwenye nguzo za goli. "Si ni kitu kidogo tu, bana."

Yale macho niliyajua, mwanangu. Ni yangu.

Nikamleta kwangu Kitale. Jumapili chakula cha mchana kilipoandaliwa, nikamega ugali, nikachovya, nikamnyooshea. Dada zake wakacheka hadi wakaegemea ukuta. Wafula naye akacheka, akasema Kuka wacha hizo, mimi si mtoto. Nikamsimulia ile habari ambayo simu haikuwa nayo, ya goti na ya daktari na ya Kuka Mukhwana, na mkono wangu ukabaki pale pale hadi mchuzi ukanitiririkia kiwikoni. Kicheko kilikwisha lakini kinywa hakikufunguliwa. Jioni akarudi kwao. Nikala lile tonge mwenyewe, limepoa, nikajiona mzee mjinga.

Jumatatu kabla ya saa nne simu ikalia.

"Kuka, niko Lugulu, hospitali. Niko kwa foleni ya picha ya mguu." Nikasikia watu wakikohoa nyuma yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Inauma sana. Na Nairobi naweza kosa."

"Utakosa Nairobi ya mwezi ujao," nikamwambia. "Ile ingine itakukuta na miguu miwili."

Hakukata simu, na mimi sikukata. Tulingoja naye ile foleni hadi wakaita jina lake.

Basi sikia, wewe unayebeba chochote na kukimbia nacho, uwe ni mpira, au masomo, au nyumba ya mtu mwingine juu ya mgongo wako. Kusimama bila kupepesa ni jambo jema, na siku yake ikifika, simama. Lakini jambo hilo lina asubuhi yake, na asubuhi ikipita lazima umwonyeshe mtu kidonda. Anayekuuliza mara ya pili kama inauma si adui yako. Mjibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu nimeujenga zaidi ya miaka arobaini sijaumaliza. Na atakayekunyooshea tonge siku umeanguka, usimwambie wewe ni mtu mzima. Fungua kinywa, maana mkono wake nao unachoka.

Nenda, mwanangu. Wele aliyekuumba akufungulie upenyo mbele yako, akupe miguu ya kukimbia ukiwa kijana na ya kupandia ngazi ukiwa mzee. Na siku miguu itakapokataa, asikukoseshe mtu wa kukulisha.