Dawa za Dada Yangu

Dada yangu na mimi tuliishi na virusi vya ukimwi. Yeye aliogopa watu wa kanisa wasije wakamwona kwenye foleni ya kliniki pale Kitengela, kwa hivyo nilimchukulia dawa, nikifunga chupa zake kwa gazeti zisilie njiani. Mimi nilipimwa saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka.

"Mwambie dadako aje mwenyewe," nesi alisema. "Walio na virusi hupata hii saratani kwa urahisi."

Niliitikia, lakini sikumwambia. Nilipenda vile alikuwa akinishukuru nikimpelekea dawa.

Saratani yake ilipogunduliwa, ilikuwa imeshaenea mwilini. Tulimzika Kajiado.

Juzi niliitwa dirishani kuchukua dawa zangu, nikajikuta nimebeba mifuko miwili, wangu na wake.