Mkono Niliomnyima Mama Mkubwa

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Morogoro mjini, na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira haraka ni mtu anayenawa kama anakwenda kula ugali. Namjua kwa mbali. Analowesha vidole, anakutanisha viganja, anakung'uta, basi. Kidole gumba cha kushoto hakijaguswa, na chini ya kucha uchafu wa tangu juzi umetulia palepale. Wanafunzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo wamenipa jina la utani wanalodhani silijui. Acha waniite. Nimewahi kumrudisha daktari bingwa kwenye sinki kwa sababu alijikuna sikio huku akinisimulia mpira wa jana yake, na alirudi, ingawa alirudi akinung'unika.

Kunawa kwa upasuaji kuna utaratibu wake. Pete inavuliwa, saa inavuliwa, na habari ya kucha za bandia hata sitaki kuisikia. Unafungua maji kwa kiwiko. Unaanza na kucha kwa brashi, halafu kila kidole pande zake zote, kiganja, mgongo wa mkono, kifundo, unapanda hadi kwenye kiwiko. Muda wote mikono umeiinua, ili maji yashukie kiwikoni yasirudi vidoleni. Baada ya hapo unakausha, unavalishwa gauni, unavaa glavu, na mikono hiyo inakuwa ya mgonjwa. Hugusi mlango, hugusi pua yako, humpi mtu salamu. Ukigusa, unarudi sinki na kuanza upya.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu ndugu zangu wengi hawakuyajua, na kwa kutoyajua kwao niliitwa kikaoni kama mhalifu.

Mama aliyenizaa alifariki kabla sijaanza shule. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo hapakuwa na mjadala wa nani anichukue. Dada yake alinibeba mgongoni akanipeleka kwake, kijijini, upande wa Matombo, kwenye migomba na mdalasini, akanilea pamoja na watoto wake. Nilimwita Mama mkubwa mbele za watu, na Mama tukiwa wawili.

Mama mkubwa ni Mkatoliki wa rozari na jumuiya, hakosi misa labda awe mgonjwa. Lakini kuna jambo la ukoo wetu ambalo hakuliacha, na padri hakuulizwa. Mtu akiwa na safari yenye mashaka, mkubwa wake huishika mikono yake miwili, huigeuza viganja juu, hutemea mate kidogo, yale ya kurashia tu, kisha huifumba ndani ya mikono yake na kumwombea. Alinifanyia hivyo nilipokwenda sekondari kule Kilakala, na nilipokwenda chuo cha uuguzi, na asubuhi ya harusi yangu, mbele ya wakwe walioshangaa. Na mkubwa anayehisi kwamba safari ni yake mwenyewe, ile ya mwisho, hufanya hivyo kwa watoto wake. Asipowahi, wazee husema mtoto huyo atabaki mikono mitupu, hata achume namna gani vitu havitakaa. Mimi nimesoma. Najua mate yana nini ndani yake kuliko mtu yeyote wa ukoo ule. Na bado naliamini jambo hilo, wala sioni haya kulisema.

Masika moja waliniletea Mama mkubwa hospitalini akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, kisha gari likahangaika na tope kwa saa nyingi. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma. Daktari alimpima, akanivuta pembeni, akaniambia utumbo umejisokota, damu haifiki, na kila tukichelewa unazidi kufa. Lazima tufungue sasa hivi. Muuguzi mwenzangu alikuwa chumba cha pili kwa mama aliyekuwa anajifungua kwa upasuaji. Mwingine alikuwa Gairo, msibani.

"Dada, ni mama yako," daktari akasema. "Utaweza?"

"Nitaweza," nikasema. Niliogopa, lakini niliogopa zaidi mikono ya mtu mwingine.

Nikanawa. Nadhani sijawahi kunawa vile. Nilisugua kucha mpaka nikahisi nyama inachoma, nikapanda mkono polepole kama ninayefundisha, na kichwani hapakuwa na sala wala wazo, ila kidole hiki, halafu hiki. Nikaingia, nikavalishwa, nikapanga vifaa. Mama mkubwa alikuwa amelala juu ya meza ya upasuaji chini ya taa kubwa, nywele zimefunikwa, mtaalamu wa usingizi akiwa ameshaandaa sindano. Aligeuza kichwa, akanijua kwa macho tu juu ya barakoa.

"Mwanangu," akasema, "lete mikono."

Nilielewa papo hapo. Alidhani anakwenda.

"Siwezi, Mama. Nimeshanawa."

"Lete mikono, nakuambia." Alikwishatoa mkono mmoja chini ya shuka, unanitafuta.

Nikarudi nyuma hatua moja. Najua ningeweza kuvua glavu, nikampa viganja vyangu, nikarudi sinki na kuanza mwanzo. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini daktari alikuwa amesimama pale, mikono juu, ananitazama, na utumbo wa mama yangu ulikuwa unakufa tukizungumza. Nikatikisa kichwa. Kijana wa usingizi, kwa huruma yake, akasema, "Bibi, nishike mimi." Mama mkubwa akaurudisha mkono wake chini ya shuka. Alinitazama mpaka dawa ilipomfumba macho, na sikuwahi kutazamwa vile na mtu anayenipenda.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Kipande cha utumbo kilikuwa cheusi, kikakatwa, pande zenye uhai zikaunganishwa. Daktari alinyoosha mkono, mimi nikaweka kifaa kiganjani mwake, na kila mara nilipoweka nilimwona yule aliyenyoosha mkono nisimpe kitu. Mikono yangu haikutetemeka. Nilijichukia kidogo kwa sababu haikutetemeka.

Alizinduka. Akapata nafuu. Kidonda kilikauka vizuri, hakikutoa usaha hata tone, na daktari akasimama mbele ya wanafunzi akakisifia. Lakini Mama mkubwa hakuongea na mimi. Nilipomwamkia shikamoo, marahaba yake aliielekeza ukutani. Uji nilioleta aliunywa baada ya mimi kuondoka. Siku moja nilikuwa nabadilisha shuka kitanda cha jirani, nikamsikia mgonjwa mpya anamuuliza, "Yule nesi ni binti yako? Mmefanana."

"Yule?" Mama mkubwa akasema. "Ni nesi wa hapa."

Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia mpaka nikaitwa.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, maneno yalimtangulia. Habari kwamba nilimnyima mkono mama yangu akiwa anakata roho ilipanda mlima haraka kuliko gari lililompandisha. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, akanipigia simu akaniambia nije Jumapili baada ya misa. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza.

Nilipanda kwa bodaboda, tope mpaka magotini. Nilikuta wamekaa sebuleni, mjomba kwenye kiti cha mbao, mama wadogo na binamu zangu mkekani, Mama mkubwa pembeni amejifunga kanga juu ya tumbo linaloendelea kupona. Niliwaamkia wote. Mjomba hakuzunguka.

"Mama yako anasema alikuomba mikono ukarudi nyuma. Ni kweli?"

"Ni kweli, mjomba."

Kukawa na miguno. Mama mdogo mmoja akasema kwamba hata adui hupewa mkono akiwa anakufa. Binamu yangu akasema kazi imenipanda kichwani, siku hizi nawaona wenzangu ni vidudu. Nikajaribu kueleza habari ya sinki na brashi na glavu, na nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zinavyozidi kukunjamana. Mwisho mjomba akainua mkono.

"Hatukukuita kubishana. Muombe mama yako msamaha, yaishe, tule."

Chakula kilikuwa tayari, harufu ya kuku ilikuwa inatoka jikoni. Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu. Lakini nina kichwa kigumu, na zaidi ya hapo, nilijua nikiomba msamaha kwa lile nitakuwa nimesema uongo mbele ya mtu aliyenifundisha nisiseme uongo.

"Mjomba, siwezi," nikasema. "Nimeumia kuliko nyinyi wote mliokaa hapa. Lakini nikirudishwa pale, akiwa amelala vilevile, nitarudi nyuma vilevile. Nilitaka aishi. Baraka zake nilizitaka, lakini nilimtaka yeye zaidi."

Mjomba alitazama mlangoni. Nilidhani nimejitoa kwenye ukoo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo Mama mkubwa akasogea, kwa taabu, mkono mmoja ameubana tumboni.

"Nyinyi mmesikia nilivyosema, lakini hamkuelewa," akawaambia. Kisha akanigeukia. "Nilijua nakufa. Nikasema huyu mama yake alikufa ghafla, hakumwachia chochote, na mimi naondoka hivihivi. Atabaki bila mtu wa kumwombea. Nililala na hilo moyoni. Nilipoamka nikawa na hasira. Niliogopa kwa ajili yako, mtoto we, ndiyo maana nikakasirika."

Nilipiga magoti bila kujua nimepiga magoti. Akaishika mikono yangu, ya safari, ya tope la njiani, hakuniambia niinawe. Akaigeuza. Akatemea mate kidogo katikati ya kila kiganja, akaifumba ndani ya mikono yake mikavu, akaomba muda mrefu kwa Kiluguru, mpaka mama wadogo nao wakaanza kuitikia. Tukala baadaye, kuku akiwa amepoa.

Kesho yake nilikuwa zamu. Nilikuwa sijanawa kwa sabuni tangu Matombo. Naam, mimi. Wali niliula kwa kijiko asubuhi ile, na chai nilinywa kikombe nimekishika kwa ncha za vidole. Kabla sijakaa, wakaita: msichana ameletwa, mimba imetunga nje ya kizazi, anatoka damu ndani kwa ndani. Nikaenda sinki, nikavua pete, nikasimama mbele ya maji nikitazama viganja vyangu.

Mwanafunzi aliyekuwa karibu yangu aliniangalia akashangaa. Hajawahi kuniona nikisimama bila kuanza.

Nikafungua maji kwa kiwiko. Nikaanza na kucha, nikaenda kwenye vidole, nikafika kiganjani, na hapo nikasugua kama ninavyowafundisha, bila kuruka mahali. Nilisugua vyote viwili. Nilipomaliza nikainua mikono, nikasukuma mlango kwa mgongo, nikaingia. Machozi yalikuwa yanashuka hadi ndani ya barakoa na sikuwa na mkono wa kuyafuta, ikabidi nimwombe kijana wa usingizi anifute.