Wimbo Alioukataa Zay

Kerkulah Zayzay, mzaliwa wa mtaa wa Clara Town ambaye Monrovia nzima ilimjua kwa jina la Zay, aliimba miaka tisa na Momolu, rafiki yake wa tangu utotoni. Walirap kwa Kiingereza cha mitaani, kile cha sokoni na vijiweni, na wapanda pikipiki walizijua beti zao kwa moyo. Kisha Flomo, mdogo wake Zay, akanaswa na dawa za kulevya. Akahamia makaburini, walikolala vijana wenzake wa dawa, akafia huko huko. Tangu siku hiyo Zay hakuwa na wimbo mwingine ila wa vijana wale, ambao mji uliwapita kama unavyopita mawe.

Ukafika mwaka wa uchaguzi. Mgombea mmoja akawataka wamtungie wimbo wa kampeni. Momolu alileta habari huku meno yote yako nje.

"Mwanangu, tumetoka! Gari, nyumba, kila kitu!"

"Huyo si ndiye aliyetuahidi nyumba ya tiba ya vijana?" Zay akauliza. "Mwaka wa sita huu. Kiwanja kimeota nyasi mpaka mbuzi wamekinai."

"Ukweli wako huo unaliwa kwa mboga gani, Zay? Mimi nina watoto, ndugu yangu."

"Na mimi nilikuwa na mdogo wangu."

Walipeana mikono, lakini hawakualisha vidole kwa pamoja kama ilivyo ada ya salamu za Liberia. Siku ya tatu Zay akaisikia sauti ya rafiki yake juu ya lori la kampeni, ikiimba peke yake beti ambazo zamani wangegawana.

Redio zikaacha kupiga nyimbo zake. Simu ikapoa. Zay akajitwika spika ya betri, akawa anakwenda makaburini kila asubuhi.

"Staa kafulia!" wapita njia walimzomea. "Leo unawaimbia maiti?"

Vijana wengi walilala tu juu ya makaburi. Aliyemsikiliza mpaka mwisho ni Tenneh, binti mkondefu aliyekohoa bila kukoma.

"Kaka, ubeti wa pili umedanganya," akamwambia. "Eti hatuna mama. Mama tunao. Tunaona haya kurudi."

Zay akaubadili ubeti pale pale. Wiki mbili nzima Tenneh alikuwa akimsahihisha, naye anaandika upya, mpaka asubuhi moja binti akasema, "Basi nipeleke." Mvua ilikuwa ikimwagika. Wakatembea kwa miguu hadi kwa masista waliokuwa na vitanda vichache vya tiba. Tenneh akaingia, mlango ukafungwa, Zay akabaki barazani akichuruzika maji.

Mgombea akashinda. Momolu akahama mtaa, wala hakupiga simu.

Miezi minne baadaye Zay akapata habari kwa mpita njia: Tenneh amepona, yuko Gbarnga kwa mama yake, anauza mawese. Furaha ikamjaa. Akatoa simu, akapitia majina yote, moja baada ya jingine. Hakuona wa kumwambia. Akairudisha mfukoni, akabeba spika, akaenda makaburini.