Milingoti Aliyoijua Imelala

Maisha yake yote ya kazi, Cyril Fortuin alipaka rangi milingoti iliyolala. Kreni iliung'oa mlingoti kwenye mashua, ikaulaza juu ya vigoda vya mbao ndani ya banda letu hapa bandarini Hout Bay, naye akatembea nao kutoka kisigino hadi kichwa, kwanza na msasa, halafu kitambaa, mwisho brashi. Alianza kwa kiganja. Kilipokwama mahali, alisimama hapo hapo na kurudia.

"Alumini ukiikwangua haikungojei," alituambia. "Hewa ikiigusa tu, inaanza kujivika ngozi, na rangi haishiki juu ya ngozi hiyo." Kwa hiyo kati ya msasa na rangi ya kwanza hakunywa hata chai. Mkewe, Lettie, anayekaanga samaki langoni, alikuwa ameacha zamani kumpelekea kikombe asubuhi.

Jambo moja hakulifanya: kupanda. Alipokuwa kijana walimvuta kwa kiti cha turubai hadi katikati ya mlingoti, na akatapika juu ya sitaha ya mteja. Tangu siku hiyo, kwa Cyril, mlingoti ulikuwa kitu cha kulazwa.

Mwezi wa tatu alimaliza mlingoti wa mashua iitwayo Malgas. Kreni iliusimamisha Jumatano. Alhamisi asubuhi Charmaine Apollis, fundi wetu wa kamba, alishuka kutoka juu akiwa amekunja uso.

"Mjomba, usikasirike. Mkanda wa kreni umekula rangi yako. Karibu na kichwa kabisa. Alumini tupu inaonekana."

"Kiasi gani?"

"Kama kiganja."

Mwenye mashua, Roelof, alikuwa anapakia maji na biskuti. Alfajiri ya kesho yake yeye na mkewe walikuwa wanaondoka kwenda kisiwa cha Mtakatifu Helena. Alicheka. "Cyril, nani atapaona huko juu? Ndege?"

"Chumvi itapaona," Cyril alijibu. "Itaingia chini ya rangi na kuinyanyua. Mkirudi itakuwa inabanduka hadi sitahani kama maganda ya viazi."

Kreni haikupatikana tena mpaka Jumatatu, na Roelof hakutaka kupoteza upepo mzuri. Charmaine alinyoosha mkono. "Nipe brashi, nipande mimi."

Cyril aliutazama mkono huo. "Wewe mwanangu kamba unazijua. Rangi utaacha ukingo, na maji yataingilia kwenye ukingo huo huo."

"Basi utapanda wewe?" Alisema kwa utani.

"Nifunge," Cyril alisema. "Funga mara mbili."

Lettie aliacha samaki wake akaja mbio. "Roelof, ondoa vitu vyako vizuri hapo chini!" alipiga kelele, na watu wakacheka, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili.

Charmaine alizungusha winchi taratibu. Cyril alipanda ameubana mlingoti kwa magoti, shavu limegandia kwenye rangi yake mwenyewe.

"Mjomba, fumbua macho! Utapapita!"

Alifumbua moja. Alikwangua mpaka alumini ikang'aa, akapangusa, akapaka rangi ya kwanza papo hapo. Hakutazama kitu kingine. Aliposhushwa, aliketi sitahani.

"Sijatapika," alisema.

"Bado mara ya pili," Lettie alimjibu, maana rangi nyeupe ya juu ilibidi ingoje mchana, ya kwanza ikauke.

Mchana upepo ulitulia. Alipandishwa tena, akapaka nyeupe, akazivuta kingo kwa brashi inayokaribia kukauka mpaka zikapotelea kwenye rangi ya zamani.

"Nikushushe?" Charmaine aliuliza.

Cyril alikuwa ameinua macho. Mbele yake, usawa wa uso wake, vilisimama vichwa vya milingoti yote ya bandari, na karibu yote ilikuwa imepita mikononi mwake. Aliujua kila mmoja kwa uvimbe na makovu yake, lakini hakuwahi kuiona hivi. Yote ilikuwa inatikisa vichwa, polepole, kila mmoja kwa mwendo wake. Na ule aliokumbatia ulikuwa unavuma. Kwa shavu lake alisikia maji yakigonga mashua, mnyororo wa nanga, hata kikohozi cha Charmaine kule chini. Alianza kuitaja kwa majina, kwa sauti, tukamsikia sote. Hakuna aliyecheka.

Alipofika kwenye mlingoti wa mashua iitwayo Duiker, alikatisha.

Aliposhuka, Lettie alikuwa anamngoja na ndoo. Cyril aliipita. "Duiker ina malengelenge chini ya kichwa," alisema. "Matatu. Mlingoti wangu ule, na kutoka huku chini ni mzima kabisa. Nimekuwa nikipita hapo kila siku nikijisifu."

"Tutaomba kreni Jumatatu," Charmaine alisema.

"Kreni ya nini, kwa malengelenge matatu? Mpigie simu mwenye mashua tupate ruhusa. Kesho kukicha, kiti kifunge pale."

Ndiyo maana Malgas ilipong'oa nanga alfajiri, Cyril hakuwapo gatini kuaga. Alikuwa juu ya Duiker, msasa mkononi. Malgas ilipita karibu, na kichwa cha mlingoti wake kikapita mbele ya macho yake taratibu, kikiwa kimeshika jua la kwanza. Alisimamisha mkono.

"Mjomba!" Charmaine aliita kutoka chini. "Pale ulipopaka, alama unaiona?"

Cyril aligeuza kichwa kuufuata mlingoti ule mpaka ukavuka ukuta wa bandari.

"Siioni," alisema. "Charmaine, siioni kabisa."