Mama na Joto la Maji Taka

Julai ile nilimtoa mama kijijini Githongo nikamleta kwangu Meru mjini. Kifua kilikuwa kimembana, na daktari alikuwa amemkataza moshi wa kuni. Mimi nilikuwa nimepanga katika nyumba mpya nyuma ya Makutano, ambako mwenye nyumba alikuwa ameweka mtambo wa ajabu. Maji machafu ya wapangaji wote, ya kuoga, ya kufulia na hata ya choo, yalipitia kwenye tangi chini ya ardhi, na mtambo ukachukua joto lake kabla hayajaenda zake. Joto hilo lilipasha maji ya kuoga, na maji safi yaliyozunguka kwenye mabomba ya ukutani, chumba hadi chumba.

Mama alianza kulala. Kikohozi kilipungua. Asubuhi aliegemea ule ukuta wenye joto akanisimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Sikuwahi kuwa naye peke yangu namna ile. Nyumbani alikuwa mama wa kaka yangu zaidi kuliko wangu.

Jumapili moja kaka alikuja kumwona. Nikampeleka kuuona mtambo, tena kwa fahari. Tuliporudi ndani alikuwa anacheka tayari.

"Mama, kumbe huku unaota moto wa choo?"

Mama akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikamweleza kwamba maji machafu na yale safi hayagusani, kinachovuka ni joto tu. Nikamkumbusha tunavyopasha maziwa ya mtoto, chupa ndani ya sufuria ya maji moto. "Maji hayaingii kwenye maziwa, mama."

"Na hayo maji ya sufuria yakiwa ya choo, mtoto utampa?"

Kaka akazidi kucheka. Mama akausogeza mgongo kutoka ukutani.

Siku hiyo hakuoga, wala iliyofuata. "Nirudishe kwangu," akawa anasema, hata nilipomlilia. Mwishowe kaka alikuja kumchukua. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta jikoni kwake, machozi ya moshi yakimtoka, dawa nilizomnunulia hazijafunguliwa. Kabla kahawa haijaanza kuiva mashambani, tulimzika.

Kaburini kaka alishika kipaza sauti. "Mama alijaribu kuishi mjini," akasema, "lakini alipenda nyumba yake safi." Watu wakaitikia kwa vichwa. Niliondoka kabla ya chakula.

Kaka nilimchukia, na hilo kila mtu alilielewa. Nisilomwambia mtu ni kwamba mama ndiye aliyeniuma zaidi. Nilimfulia, nikamwogesha, nikamlisha, halafu kicheko kimoja cha mwanawe kikashinda maneno yangu yote. Wanasema marehemu hawekewi kinyongo. Mimi ninacho.

Mwaka huu baridi ilipoingia, kaka alinipigia simu. Mkewe anakohoa. Je, kile chumba bado kipo?

"Kipo," nikamwambia. "Mlete mwenyewe, na umweleze mbele yangu joto lake linatoka wapi."

Akasema atanipigia baadaye. Hajanipigia.