Njaa Iliyobatizwa

Germain Kalenga hakuwa mtu wa kumchukia Mungu. Alizaliwa mtaa wa Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, akabatizwa, akafundishwa katekisimu kwa fimbo, wala hakuona kwamba fimbo ile ilimharibu. Kilichomtia kichefuchefu ni walichofanyiwa watoto mwaka ule kampuni ya shaba ilipoacha kulipa, na gunia la posho likakoma kuja.

Mkewe Henriette alikuwa amehamia kanisa la maombi, kwa mchungaji Georges, bwana mwenye shingo nene. Njaa ilipoingia, mchungaji hakuiita njaa, aliiita mfungo. Alisema Mungu huwasikia watoto upesi kuliko wakubwa, basi watoto wafunge mpaka baba zao walipwe. Akina mama wakashukuru, maana mtoto anayefunga halii. Watoto wakavimba kwa fahari, baadaye na miguu ikavimba. Uchafu mtupu: njaa imevishwa kanzu, ikaketishwa madhabahuni. Lakini sufuria ilikuwa tupu, Germain angesema nini? Alimwacha mwanawe afunge, akajichukia.

Mwishowe akauza baiskeli yake. Alirudi kwa miguu na unga na samaki wakavu, Henriette akasonga bukari, akala bila kuomba ruhusa ya mchungaji. Mtoto wao Rolly, wa miaka minane, hakunawa mikono.

"Miye siko nakula, papa," alisema. "Nikikula, Mungu hatakulipa."

"Kula, mwana."

"Nilimuahidia."

Mama alimsihi, baba akamtisha. Mtoto akawatazama kwa upole, macho yamezama, kana kwamba wao ndio waliopotea. Mtoto waliyemfundisha kutimiza ahadi alikuwa anakufa kwa tabia njema.

Mfa maji haachi kutapatapa. "Balinilipa leo," Germain akasema. "Hii bukari njo ya mushahara."

Rolly akamwangalia mamaye. Henriette akaitikia kwa kichwa, na mtoto akala kwa mikono miwili.

Jumapili Rolly alimwomba babake waende kanisani pamoja, wakashukuru. Angekataaje? Huko mtoto akaitwa mbele, akashuhudia kwamba babake amelipwa. Makofi yakapigwa. Mchungaji Georges akamshika kichwa, akasema mmeona wenyewe, basi ambao baba zao hawajalipwa waongeze juma jingine. Kwenye benchi la mbele alikaa msichana aitwaye Mimi, binti wa jirani yao Émilienne, midomo imepasuka kwa ukavu. Akaitikia amina.

Germain akasimama.

"Sikulipwa," alisema. "Niliuza kinga yangu, ile baiskeli. Mupatie batoto chakula."

Mchungaji akaanza kumkemea shetani, lakini Émilienne alikwisha kumshika Mimi mkono, akatoka naye, na akina mama wengine wakafuata. Germain akadhani amemaliza kazi. Kwa mara ya kwanza tangu mishahara ikatike, alijiona mwanamume.

Walipokuwa njiani kurudi, Rolly hakutaka kushikwa mkono. Alitembea ukingoni mwa barabara, kichwa chini, mpaka karibu na kambi. Hapo akachuchumaa penye mtaro, akaingiza vidole kooni.

"Unafanya nini, weye?" Germain akamkimbilia.

Mtoto akafuta mate, akamjibu bila kumtazama.

"Nataka kuirudisha ile bukari, papa, bakulipe."