Nyuki Mbele ya Cherehani

Mtafiti wa nyuki haliamini andiko lake mpaka lipite mbele ya cherehani ya jirani yake, fundi nguo. Huja na karatasi zake, penseli nyuma ya sikio, akakaa kwenye kigoda na kusoma kwa sauti ile ile atakayowasomea maprofesa na wafuga nyuki. Macho yako kwenye karatasi, masikio yako kwenye cherehani. Ikinyamaza, ujue fundi amenaswa, na sentensi hupata alama ya vema. Ikiendelea kulia, sentensi hukatwa bila huruma, hata kama ilimchukua wiki nzima.

Leo, mkutano ukiwa kesho, cherehani haikunyamaza hata mara moja. Alisoma jinsi nyuki wanavyoelekezana njia ya kwenye maua, akasoma mpaka ukurasa wa mwisho.

"Basi fundi, nimekwisha. Kesho naumbuka."

Fundi aliinua shati la mteja. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa ukazibwa kabisa, kama mfuko.

"Mimi nilikuwa nawafuata nyuki wako, daktari. Ona sasa ulichonifanyia!"

Mtafiti alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Akaiokota, akachora alama moja ya vema, kubwa kama ukurasa wenyewe.